Mstari wa Juu Kabisa

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sote hatujambo, na mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza ufanyeje programu ya zamani inapokugomea. Nilipokuwa karani wa kusajili vyombo vya baharini Kismayu, kompyuta yetu ilikuwa na menyu: bonyeza moja, usajili, mbili, utafute. Siku moja menyu ikakataa kufunguka, na wavuvi wa kisiwa cha Kudha wako mlangoni wangoja vibali. Nikasoma maagizo yake mstari kwa mstari, nisione kosa. Fundi mmoja wa mashua akachungulia dirishani.

"Binti, chombo kikivuja, twaangalia kwanza ubao tuliotia mwisho. Wewe umetia nini?"

Nilicheka, kisha nikarudi mstari wa kwanza. Jana yake nilikuwa nimeandika Bismillahi juu kabisa ya maagizo hayo, kama tunavyoanza kila andiko, na mashine ikadhani ni amri. Nikatanguliza alama ya nyota, inayoiambia mashine iruke mstari huo. Menyu ikafunguka, na Bismillahi ikabaki palepale.

Mpaka leo najishangaa, Rukia: nilikagua kila mstari, isipokuwa ule nilioupenda.

Akuombeaye kila swala,
bibi yako Mwanaisha