Ujumbe Uliokosa Nafasi

Jumatatu, 2 Juni 1997
Programu ya Specioza, mwenzangu wa ofisini, imefunguka — hatimaye! Memori ya kompyuta ya ofisi yetu ya kuwatafutia wakimbizi ndugu zao ilikuwa haitoshi. Nimepunguza ile ambayo draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya mtandao, huitenga kwa jumbe zinazoingia kutoka chumba cha redio. Nafasi zikijaa, jumbe zinazofuata zinatupwa, mashine hailalamiki. Lakini wenzetu wa ofisi ya Kigoma hutuma kidogo kidogo. Bosi wetu, mzee Damiano, kanisifu mbele ya watu.

Alhamisi, 5 Juni
Redio ilisumbua tangu jana. Jioni ikashika, jumbe zikaja kwa mkupuo. Sikuangalia kama zote zimeingia.

Jumatatu, 9 Juni
Mama Séverine wa makazi ya wakimbizi ya Katumba kaja tena. Anamuulizia bintiye, Jeannine, waliyepotezana naye wakikimbia Burundi. Nikamjibu kama siku zote, hakuna kitu. Akanishukuru.

Jumanne, 10 Juni
Venant wa ofisi ya Kigoma kauliza redioni mbona tulikaa kimya. Alhamisi alituma habari za Jeannine! Alikuwa kambini kwao, na lori la kuhamishia watoto kambi nyingine lilikuwa liondoke Jumamosi. Hatukujibu, wakampandisha. Wamempeleka kambi gani, Venant bado hajui.
Nikaijaribu mashine, nikairushia jumbe kwa mkupuo. Za mwanzo zikafika. Nyingine — hamna.
Nimerudisha nafasi. Programu ya Specioza imegoma. Kaniuliza nimegusa nini. Nikasema sijui.

Jumatano, 11 Juni
Mzee Damiano anasema Venant mwongo, hakutuma chochote. Anataka aondolewe kazini.
"Wewe ndiye fundi," kaniambia. "Ujumbe wake ulifika hapa au haukufika?"
Nikasema ngoja niangalie. Niangalie nini? Najua. Venant ana familia kama mimi. Sijala tangu jana.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwambia mzee. Ulifika, mashine ikautupa, aliyeipunguzia nafasi ni mimi. Akafunga mlango.
"Venant nitamwacha," akasema. "Ila yule mama mwambie Kigoma walichelewa. Basi."
Nimetoka. Mama Séverine yuko barazani! Kaja na viazi vitamu vya kuchemsha. Nikaanza, mama, kuna jambo... Akanikatiza. Anasema nimekonda, naonekana mgonjwa.
"Kula kwanza, mwanangu. Utaniambia ukishiba."
Nimepokea. Nimekimbilia hapa mezani, nasingizia kazi. Kiazi bado cha moto. Naye kasogeza kiti mpaka mlangoni, ananitazama nile —