Tuliinama Kuingia Thimlich

Mjukuu wangu Achieng,

Sijamwambia mtu mwingine: nataka kuwa mwalimu. Unaniita Dani, yaani nyanya, kwa kuwa nina jina la nyanya yako, ingawa shule nimemaliza juzi tu. Umeuliza nitafanya kazi gani, basi ndiyo hiyo. Huku Homa Bay hatujambo.

Likizo ya Pasaka tuliwatembeza watoto wa kwaya, kwanza makanisa ya mjini, kisha kuta za mawe za kale za Thimlich. Lango ni fupi, unaingia umeinama. Mmoja akavua kofia, akaninong'oneza, "Dada, tunasali?"

"Hapana. Zamani mgeni aliinama ili walinzi wamwone kabla hajawaona."

Wote wakanigeukia. "Na mawe yanashikanaje bila simiti?" Nikaeleza mpaka haya zikaniisha.

Baba husema sauti yangu haifiki mlangoni. Tafadhali usimwambie bado. Nataka anisikie mwenyewe.

Dani wako