Besi Chini ya Sakafu

Baba, shikamoo.

Siku ile tulipokuhamisha watu wengi walikusemesha, kaka zako, katekista, hata Shija mwanao, mume wangu, lakini wote walikuwa wanakuombea tu. Hakuna aliyekueleza kwa nini tumekutoa ulipokuwa umelala na kukupeleka kwingine. Nimeona nikueleze mimi. Najua mimi ni mkwe tu, na ulipokuwa hai maneno yetu yalikuwa yanapitia kwa Mama. "Mwambie mama Limi chai imekolea." "Mwambie mama Limi mtoto amepiga chafya." Na mimi niko pale pale nasikia. Sasa nisamehe, leo nasema na wewe moja kwa moja.

Unakumbuka Limi alipozaliwa? Nilikuwa nimekaa na mtoto kwenye mkeka sebuleni, wewe ukaingia kutoka kazini na gunia la mchele wa Kahama begani, ukawasha amplifaya yako kama kawaida. Ukamwona mtoto amelala. Ukapunguza sauti mpaka ikabaki kidogo kabisa, halafu ukabonyeza kile kitufe cha pembeni, cha laudinesi, na wimbo ukarudi. Haukuwa mkubwa, ila ulijaa, kama mtu aliyekuwa mlangoni ameingia na kukaa. Ukamwambia Mama, ukijua nasikia: "Sauti ikishuka, besi ndiyo inakimbia kwanza. Si kosa la redio, sikio la binadamu ndivyo lilivyo. Laudinesi inairudisha. Lakini ukiongeza sauti, kitoe, maana besi itazidi na kuvuruga wimbo." Ndivyo nilivyojifunza. Tangu siku hiyo Limi hakuwahi kulala bila kwaya yako kwa chini namna ile, ile kanda uliyopiga ngoma mwenyewe, na spika zako kubwa zimekaa juu ya saruji. Mama alitaka tuziwekee meza. Ulikataa, ukasema saruji inaisaidia besi.

Ulipofariki tukakuzika pale nyuma ya sebule, ukutani kabisa, kama ulivyotaka. Matanga yakaisha, watu wakaondoka, Shija akarudi kazini kwake Kahama. Nyumba ikawa na kimya ambacho sijawahi kukisikia. Mama hakulia mbele yangu. Jioni moja tu, naosha sufuria, akaniita: "Mama Limi, niwashie kwa chini. Kama yeye."

Nikawasha, nikapunguza, nikabonyeza laudinesi. Tukakaa. Na katikati ya wimbo nikasikia kitu kinagonga.

Kilikuwa kizito, cha chini, kinatokea kule kule inakotoka besi. Kinagonga, kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena. Hakikufuata ngoma. Nilidhani kitufe kimeingia vumbi. Nikaongeza sauti, sikukisikia tena. Nikapunguza, kikarudi. Basi nikajiambia ni amplifaya, imezeeka, siku moja nitampelekea fundi.

Lakini Mama aliinua kichwa. "Umesikia?" akaniuliza. "Ni mume wangu."

Kuanzia hapo, Baba, Mama alibadilika. Ikifika jioni anakaa kwenye kiti chako na fimbo yako mkononi. Kitu kikigonga, na yeye anagonga sakafu kwa fimbo. Na kikawa kinamjibu. Sikudanganyi. Akigonga, kinanyamaza, halafu kinagonga vile vile alivyogonga yeye. Nilikuwa nashika mlango kwa nje nasikia anakusalimu kwa Kisukuma kama mtu aliyepokea simu, anakusimulia habari za Limi, anakuuliza kama una baridi. Akaacha kula na sisi jikoni. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali, na wakati wa rozari kile kitu kiligonga, wote wakakisikia. Mama Kija alichukua kanga yake akaondoka bila kuaga. Nilimpigia Shija. Akasema zima hiyo amplifaya, ifunike na shuka. Ningeizimaje? Mama alikuwa amebakiwa na hiyo tu.

Halafu ikaja ile siku ya umeme. Ilikuwa mchana, jua kali, siku hiyo hatukwenda mashambani, nimewasha kwa chini ili Limi asinzie. Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Kile kitaa chekundu cha amplifaya kikazimika polepole kama kawaida yake, sauti ikapotea, na feni ikasimama.

Kugonga hakukusimama.

Nilibaki nimekaa na mtoto mapajani. Spika zilikuwa zimekufa, na chumba kizima kinagonga. Nikaweka kiganja sakafuni, nikakisikia kwa mfupa kabla ya sikio. Nikaleta bakuli la maji nikaliweka chini. Maji yalikuwa yanajikunja katikati, duara ndani ya duara, kila kilipogonga. Nikambeba Limi, nikatoka nyuma, nikapiga magoti kwenye kaburi lako na kuweka mkono juu ya saruji. Pale kilikuwa na nguvu zaidi.

Niliogopa, Baba. Niliogopa kama mtoto. Nilitaka kukimbia na nisigeuke, lakini Mama alikuwa ndani.

Nilimkuta kwenye kiti kile kile. Nikamwambia tutoke, kuna kitu chini ya nyumba. Akanitazama kwa upole, kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Nitoke nimwache peke yake huko anagonga?"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilimwambia, "Mama, msikilize. Anagonga ovyo. Baba angegonga hivi?"

Akasikiliza. Alikuwa amekaa na wewe miaka yote uliyopiga ngoma kanisani, anajua mkono wako. Kikagonga, kikachelewa, kikagonga mara mbili kwa pamoja, kikachelewa tena. Nikaona uso wake unabadilika polepole.

"Baba Shija hajawahi kukosea pigo," akasema. Akainuka, akachukua fimbo, akatoka nje bila viatu.

Nilimfuata mwenyekiti wa kitongoji. Alikuja na vijana, akalaza sikio sakafuni mwetu, akainuka haraka na kusema kila mtu akae mbali na nyumba. Walizunguka mtaa mpaka wakafika kwenye lile gofu nyuma ya shamba la mihogo, na ndani wakakuta duara, shimo la wachimbaji, limefunikwa kwa mabati. Watu walikuwa wanatafuta dhahabu bila kibali, na njia yao ya chini ilikuwa inakuja upande wetu.

Wakapanda mmoja mmoja, weupe kwa vumbi. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima, mgeni wa mbali, Kiswahili chake si cha huku. Alimwona Mama, akavua kofia, akamsalimu shikamoo. Hakubishana na mtu. Alisema, "Mama, tulikuwa tunasikia ngoma mbele yetu ndani ya mwamba. Kila jioni. Tukajua kuna wenzetu wanachimba kutokea huku. Tukawa tunagonga kuwaonya tusije tukaangushiana. Na wao wakawa wanatujibu."

Mama aliitazama fimbo yako.

Watu wa madini waliokuja kupima walisema njia ile iliishia chini ya ukingo wa kaburi lako. Kama wasingeisikia ngoma wangeendelea, wakapita chini yako na chini yetu. Wao walituogopa sisi, na sisi tuliwaogopa wao, na besi yako iko katikati. Tukaamriwa kuhama. Mvua ya kwanza iliponyesha, wewe tumeshakutoa, sebule ilizama. Nilikwenda kuona. Kona yote ilikuwa shimo, na kiti chako sikukiona tena.

Ndiyo maana tulikutoa, Baba. Wazee walisema usiachwe juu ya uwazi. Tulikupeleka Ushirombo kwa kaka zako, makaburi ya parokia. Jeneza lilikuwa zima, usiwe na wasiwasi.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu, hata Shija. Yule mchimbaji, kabla polisi hawajamchukua kwenda kuandika maelezo, alinivuta pembeni akaniuliza, "Dada, na yule mzee anayeimba mchana ni nani?" Nikamwambia ni redio. Akatikisa kichwa. Akasema redio wanaijua, ni ya jioni, ina ngoma. Huyu anaimba bila ngoma, peke yake, sauti nzito, mdomo umefungwa, saa ambazo juu hakuna hata hatua ya mtu. Akanionyesha, akavumisha kidogo kooni.

Baba, mchana sisi tulikuwa mashambani. Mlango umefungwa, waya nimechomoa mwenyewe. Na ile sauti aliyoivumisha niliijua. Ulikuwa unaivumisha ukichagua mchele, ukidhani hakuna anayesikia.

Nilirudi kwa Mama.

Sasa tuko Kahama, vyumba viwili vya kupanga. Kuta ni nyembamba, majirani wanasikia hadi tukikohoa, kwa hiyo amplifaya inakaa kwa chini siku zote na laudinesi imebonyezwa. Limi ameanza kutembea, anashikilia spika. Mama amenenepa kidogo. Anakula na sisi. Lakini wimbo ukiisha, kabla wa pili haujaanza, sote wawili tunaacha tunachofanya. Hatuangaliani. Wimbo ukianza tunaendelea.

Yule mchimbaji alikuja Ushirombo siku ya kukuzika upya. Walikuwa wamemwachia. Hakuna aliyemwalika, na Shija alitaka kumfukuza, lakini Mama alisema mwacheni. Aliomba jembe, akachimba na vijana kimya kimya, kuta zimenyooka kama zimepimwa. Kabla hujashushwa aliingia mwenyewe ndani ya shimo, akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye udongo. Tulisubiri wote. Hata padre alisubiri. Alikaa vile muda mrefu mpaka nikasikia moyo wangu mwenyewe. Kisha akainuka, akajipangusa magoti.

"Hapa pako kimya," akasema. "Mshusheni."

Basi pumzika, Baba. Wabeja, asante kwa yote. Wifi yangu alitaka kumchukua Mama, na Mama amesema anabaki na mimi. Hatakaa peke yake kwenye chumba hata jioni moja, maadamu mimi nina uhai. Hilo nakuahidi.

Mkwe wako,
mama Limi