Turubai la Karavani Limesimama, Mama Rehema

Mama Rehema,

Ulikufa Jumanne saa nne asubuhi. Mi nilikuwa saiti, ghorofa ya sita, nabeba jipsam. Simu ilikuwa chini kwenye kabati, kwa sababu juu haturuhusiwi nayo. Rehema alipiga, akapiga, akapiga. Niliziona zote saa ya chai. Nilipofika hospitali walishakufunika.

Hayo labda unayajua. Labda huyajui. Naandika tu yawe yamesemwa.

Unajua kuandika si kazi yangu. Darasa la saba, basi. Fomu zote ulijaza wewe. Sasa anajaza Rehema. Akimaliza ananionyesha kwa kidole mahali pa kusaini, nasaini, anaondoka na karatasi.

Leo ilikuwa arobaini yako. Imeisha sasa hivi. Watu wa kanisa wamerudi mjini, Peckham, na masufuria yao. Mi nimebaki huku kwenye karavani, kinyumba chetu cha magurudumu, nimekaa nje. Nje, umesikia? Chini ya lile turubai lako.

Bomba la kona limepinda. Lakini limesimama.

Tulipolinunua hili karavani kwa yule Mpolandi wa saiti, turubai lilikuja ndani ya mfuko. Wewe ulifungua mfuko siku hiyohiyo. Ukamwaga mabomba yote kwenye korido ya nyumbani, ukayapanga kwa urefu, mi natoka chooni nakuta njia imezibwa. Ukasema, "Baba Rehema, humu mna kibaraza kizima." Kule kwetu ghorofa ya nne hamna kibaraza. Hamna hata pa kuweka kigoda. Ukaenda kununua mkeka wa plastiki, wa kijani, wa kutandika humo. Nikasema nitalifunga Jumamosi ijayo. Jumamosi ikaja na ovataimu. Majira ya joto matatu, Mama Rehema, Jumamosi ijayo.

Mara ya mwisho tulipokuja hapa ilinyesha. Ulikaa kwenye kingazi cha mlango na mwavuli, kikombe mkononi. Ukasema, "Chumba nimepata. Nje bado." Nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Halafu ukafa, na nyumbani hatukuweka turubai. Niliomba pale kwenye majani chini ya ghorofa, siku tatu tu. Jamaa wa ofisi ya nyumba akasema haiwezekani. Ndani watu hawakutosha, wakakaa kwenye ngazi. Mama mchungaji na kitenge chake, kwenye ngazi, vijana wanampita na baiskeli begani. Msiba wa mke wangu. Siku ya tatu tukaanua matanga, nikasema sawa. Arobaini itakuwa chini ya turubai lake mwenyewe. Na mimi sirudi saiti mpaka lisimame. Fomani alipiga mara mbili. Nikamwambia bado.

Rehema sikumwomba aje kunisaidia. Alikuja mwenyewe, jana asubuhi. Kwenye treni hatukuongea. Tangu siku ile naongea Kiswahili, ananijibu Kiingereza, kifupi, anaangalia dirishani.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Miaka yote hii nafunga vitu saiti, turubai litanishinda? Lilinishinda. Ubavuni mwa karavani, karibu na paa, kuna mfereji mwembamba. Ukingo wa turubai unaingia humo, mmoja anavuta, mwingine analisha. Likakwama katikati. Kuvu imejaa. Mi nikavuta kwa nguvu, Rehema akashuka kwenye kiti, akaleta sabuni ya vyombo na kitambaa, akausugua mfereji wote. Likateleza likapita. Ingekuwa wewe ungeniimbia hilo wiki nzima.

Tukainua mabomba. Nikaanza kugonga pegi, vile vigingi vya chuma vya kushika kamba. Hapo ndo nilikosea.

Hili turubai lina kuta, na milango ya zipu. Mi milango yote niliikunja juu, nikaiacha wazi. Nani anafunga turubai la msiba? Mtu anakuja kukupa pole, akute zipu? Rehema akasema kwa Kiingereza chake kwamba kwenye video za mtandaoni wanafunga milango kwanza ndo wanagonga pegi. Nikamwambia hao wa video hawajafiwa. Nikagonga pegi wima, kama misumari. Kamba nikazivuta mpaka zikalia. Nikasimama pembeni nikaangalia. Nikaona nimeweza.

Saa tisa upepo ukaja.

Uliingia mbele, hauna pa kutokea, ukalijaza kama puto. Pegi zikaanza kuchomoka moja moja, nazisikia, pa, pa. Nikakimbilia zipu nifunge. Zipu hazikukutana, zimeachana upana wa mkono, kwa sababu nimeshalivuta likiwa wazi. Nikashika bomba la kona. Rehema akashika la kati. Tukaning'inia hapo wawili.

Na hapo ndo akanipigia kelele. Siku zote hizo kimya, akachagua hapo. Kwa nini ulienda kazini siku ile? Kwa Kiingereza, lakini ndo hivyo alivyosema. Nikamjibu mama yako aliniambia niende. Na kweli ulisema. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa wodi na viatu vya kazi, ukasema, "Nenda, Baba Rehema. Mi siendi popote."

Rehema akaniuliza, na wewe ukamwamini?

Sasa hapa nisikilize. Hii ndo niliyokuwa nazunguka kuiandika.

Sikukuamini. Nilikuona miguu. Nilikuona kucha, rangi ilivyobadilika. Baba yangu nilimwona hivyohivyo asubuhi yake ya mwisho. Nilijua, Mama Rehema. Ila kile kiti pembeni ya kitanda chako kilinishinda. Usiku mzima nimekaa, nakusikia unavyovuta pumzi, na sina cha kubeba, sina cha kugonga, nimekaa tu na mikono hii. Ulipofungua mdomo ukasema nenda, hata hukumaliza. Nilishageuka. Ulinipa ruhusa, nikaikimbilia.

Nilimwambia Rehema neno moja. Niliogopa.

Turubai linapiga kelele, nikafikiri hakusikia. Alisikia. Aliachia bomba.

Uzito wote ukaja kwenye kona yangu. Bomba likapinda mikononi mwangu, polepole, nalitazama. Turubai likaniangukia. Nilipotoka chini yake, Rehema yuko mbali kule kwenye bomba la maji, amenipa mgongo.

Basi hapo akaja jirani wa karavani la pili. Mama Jaya, mkazi wa Rayners Lane kule mjini, yule mama wa Kihindi. Mi nilikuwa namwona tu, sijawahi kumsalimia zaidi ya kichwa. Kumbe amezaliwa Morogoro na kumbe nyie ni mashoga. Amevaa koti juu ya sari, na kandambili, na soksi.

"We ndo Jumamosi Ijayo?"

Nikasema nani?

"Mkeo aliniambia jina lako. Jumamosi Ijayo. Yuko wapi mwenyewe?"

Nikasema amekufa. Kesho arobaini.

Akaliangalia turubai, akaangalia milango iliyokunjwa juu. Wa Morogoro yule, haikuhitaji nimweleze. Akasema, "Umeliacha wazi watu waingie."

Nikasema ndiyo.

"Baba, hili si la matanga. Hili ukiliacha wazi linakuwa tiara. Funga milango. Yote. Ndo upige pegi. Likishakaa sawasawa, fungua, waingie wote."

Akaenda kuleta kiti chake cha kukunja, akakaa katikati ya njia, akaanza kuniamrisha. Pegi zilale, kichwa kiangalie nje, mbali na turubai. "Wima hivyo unamchoma nani?" Kamba zikaze lakini zisilie. "We unafunga mzigo wa lori? Acha lipumue, likilowa litavuta lenyewe." Akanipa na mkanda wake mpana, unapita juu ya paa, unashika chini huku na huku kwa springi. Mume wake ndo alikuwa anafunga haya. Amekufa miaka mingi. Akasema mwaka wa kwanza alikuja hapa akalala kwenye gari, hakuweza hata kufungua mfuko.

Nilikuwa pegi ya nne hivi nikaona mkono unachukua nyundo yangu. Rehema. Hakuniangalia. Alichukua nyundo, akapiga magoti, akagonga.

Mama Jaya akamwambia, "Binti, njoo ushike zipu wewe. Baba yako mikono yake ya zege."

Rehema akacheka. Kidogo, puani. Hakunichekea mimi. Lakini nilikuwa sijausikia huo mlio tangu Jumanne ile, na ni mlio wako.

Bomba la kona nililinyoosha kwa goti. Halikunyooka lote.

Leo watu walikuja. Nilifungua milango yote miwili, turubai halikutikisika. Mkeka wako nilitoa kwenye nailoni, bado unanuka duka. Wamama walivua viatu, wakakaa juu yake, miguu imenyooshwa, pilau katikati. Mchungaji akaomba. Katikati ya maombi mvua ikanyesha, ikagonga juu, nikafumbua macho nikaangalia paa badala ya kusali. Maji yakateleza yakaenda. Hamna aliyelowa. Hamna aliyekaa kwenye ngazi. Mama Jaya alileta kachori akakaa na mama mchungaji wanabishana bei za Kariakoo za zamani.

Picha yako aliitundika Rehema. Alikuwa na mabomba sita ya kuchagua, akaitundika kwenye lile lililopinda. Sikumuuliza.

Nasikia unavyoniuliza kama amenisamehe. Hajanisamehe. Na mi sijamwomba, kwa sababu sijui naombaje. Nilikuwa nafikiri turubai likisimama kifua kitakuwa chepesi. Hakijawa. Nimekaa hapa kwenye mkeka wako, kamba zangu zimekaa vizuri, na bado nipo mlangoni pale na viatu vya kazi. Nje ipo sasa, Mama Rehema. Wewe ndo hupo.

Jioni hii wakati wa kuondoka Rehema alipanda gari la mchungaji. Wameshawasha, akashusha kioo.

"Baba."

Kwa Kiswahili.

"Kesho weka simu mfukoni."

Akapandisha kioo. Basi. Sikujua kwamba anajua natakiwa kazini kesho.

Nimempigia fomani hapohapo, nimesimama kwenye majani. Nimemwambia naja, ila simu inakaa mfukoni, ghorofa ya sita, ya kumi, popote. Akikataa atafute mtu mwingine. Akasema sawa, weka.

Kuahidi kwangu unakujua. Kwa hiyo nasema moja tu. Rehema akitaka kuniuliza tena ya siku ile, saa yoyote, nitakaa. Kiti chochote atakachonivutia nitakaa, na sitainuka mpaka amalize yeye.

Mama Jaya atanilegezea kamba zikilowa. Nafunga zipu sasa, nikakamate treni. Lala salama, mke wangu. Viatu viko mlangoni.

Kesho narudi kazini.

Baba Rehema