Kebo ya Daraja la Lambwe

Homa Bay, Alhamisi, Machi 1996. Mwaka wa thelathini tangu mbung'o watutoe Lambwe kwa ugonjwa wa malale.

...na kompyuta ikanitii, mwishowe. Kesho Fundi Onyango anakata kebo ya daraja la kuning'inia kule kwetu, na ikikatwa fupi haiungiki. Aliniomba urefu kwa kuwa nilifundisha hesabu.

Binti yangu Akinyi alinifungulia lahajedwali ofisini kwake. Nikatumia COSH, fomula ya mkunjo wa mnyororo unaoning'inia, kuchora umbo la kebo. Ikatokea imenyooka kabisa.

"Baba, hii ni kebo ama rula?" Akacheka hadi karani mwenzake akaja kutazama.

Nikazipitia namba zangu upya kwa aibu. Kisha nikaona kosa. Kwa mazoea ya vitabu vya majedwali, nilikuwa nimebadilisha namba kana kwamba ni digrii, zikawa ndogo mno. Lakini COSH haiulizi pembe, inataka namba tupu. Nikafuta, kebo ikalegea.

Akinyi bado hakuamini. Akavua mkufu wake, akaushika ncha mbili mbele ya kioo cha kompyuta. Ukalala juu ya mstari wangu wote, toka mwanzo hadi mwisho. Akasema tu, "Haki, Baba!"

Fomula mwenzake, SINH, ikanipa urefu. Nilipompelekea Onyango, alinishika mkono.

"Japuonj, mwalimu wangu, sasa utavuka kwenda nyumbani bila kulowa."

Nilicheka naye, sikumwambia kwamba baada ya miaka thelathini kwangu ni hapa mjini. Nina wasiwasi kidogo kuhusu vipimo vyake vya nguzo, lakini hesabu yangu ni sahihi, na najivunia. Watoto wa waliorudi Lambwe watavuka kwenda shule hata mto ukijaa.

Mimi sitarudi.