Viazi Arobaini Kwenye Trei za Mayai

Alhamisi, 23 Septemba 1993

Nimezigeuza trei. Upande uliokuwa dirishani sasa uko ukutani. Machipukizi yamefika ukubwa wa punje ya mchele, mafupi, manene, rangi ya zambarau. Ndivyo yanavyotakiwa. Kiazi mviringo ukikiweka gizani kinatoa mkia mrefu mweupe usiofaa kitu. Kinataka mwanga lakini si jua kali. Nilifundishwa kwenye bustani ya mapadri kwetu Kagera, nikiwa na miaka kumi na miwili, na sijasahau.

Viazi arobaini. Trei mbili za mayai. Rafiki yangu dereva wa lori aliniletea kutoka Mbeya mwezi uliopita. Kila kimoja nakijua kwa sura.

Kazi sina tangu Juni. Kiwanda kimepunguza watu, na karani wa stoo, yaani mimi, alikuwa wa kwanza kuonekana hana kazi. Mke wangu Kulwa anatoka alfajiri kwenda kuuza dagaa soko la Mwaloni. Mimi nabaki nyumbani na viazi. Na mama yake.

Mama mkwe alikuja Agosti kutoka Usagara, nje kidogo ya mji, kutibiwa macho. Wiki mbili, walisema. Macho yamepona. Sasa anaona kila kitu.

Jumapili, 26 Septemba

Nimetoka misani na moyo safi, ukachafuka kabla sijavua viatu.

Kwao Usukumani na kwetu ni yale yale: mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Asubuhi nasimama nje ya dirisha lake, hatua tano. Shikamoo mama. Ananijibu marahaba. Basi, mpaka kesho. Mimi sina shida na heshima hiyo. Shida ni kwamba akiwa na neno juu yangu anamwambia kuku wake, kwa sauti ya kunifikia.

Leo kamwambia, "Wewe kuku, humu ndani kuna mtu anaatamia viazi. Anasubili vianguliwe."

Majirani wa kulia wamecheka mpaka nimewasikia. Siwezi kumjibu. Angekuwa mama wa mtu mwingine ningemjibu.

Ndiyo maana naandika.

Ijumaa, 1 Oktoba

Kiwanja cha nyuma. Hapa Mwanza, Kirumba mlimani, kila mtu ana mawe, wachache tuna udongo. Sisi tuna kipande cha hatua kumi na mbili kwa nane, katikati ya majabali mawili. Mama mkwe anakitaka kwa marando ya viazi vitamu, vile vipande vya mashina vinavyochomekwa udongoni. Ameshaagiza mashina Usagara. Mimi nimekilima tangu Agosti, kwa jembe lake, kwa sababu nyumba nzima haina jembe jingine. Kila nikilitaka lazima nimtume Kulwa akaliombe. Likirudi analiosha tena, hata kama nimeliosha.

Jana Kulwa alichoka na sisi. Alikaa uani na kutoa hukumu, mimi chumbani, mama yake jikoni, sote tukisikia. Kiwanja ni cha Baba Anna, yaani mimi, mpaka mvua ya kwanza. Mvua hiyo ikinyesha na siku ikapita bila kupandwa, ni cha mama, mwaka mzima.

Nimekubali. Vibanda vya chipsi vinaota kila kona ya mji huu na viazi vyote vinatoka mbali kwa malori. Mtu mwenye viazi vyake hapa hapa ataheshimika. Anna wetu, aliye muuguzi Tabora, ataacha kuandika barua za kuuliza baba anashindaje.

Nikikosa kiwanja hiki sina changu humu ndani. Nitakuwa mtu wa kuletewa chakula.

Jumatano, 6 Oktoba

Kuku kaingia stoo. Nimemkuta juu ya trei ya pili, kadonoa machipukizi matatu. Nimemtupia kandambili, ikampata. Mama mkwe kaona. Kamchukua kuku, kamkagua bawa moja moja mbele ya dirisha langu, taratibu, kama daktari.

Namchukia kuku huyu. Nikiwa mkweli, si kuku.

Jumapili, 10 Oktoba

Shemeji yangu amefariki Nansio, mume wa dada yangu. Habari imefika kanisani. Kesho napanda meli. Siwezi kukosa.

Mawingu yapo lakini yako mbali, upande wa Musoma. Machipukizi yako tayari, unene wa kidole kidogo cha mtoto. Nimemwambia Kulwa mtu asiguse trei, nitarudi Jumatano. Mvua haitakuja kabla ya Ijumaa. Nimemwambia hivyo mara mbili, nadhani mara ya pili nilikuwa najiambia mwenyewe.

Alhamisi, 14 Oktoba. Nansio

Bado niko hapa. Maziko yalisogezwa mbele kuwasubiri ndugu wa Dar. Dada yangu analia na mimi natazama angani.

Imenyesha tangu saa kumi na moja alfajiri. Walioshuka melini mchana wanasema Mwanza ni hivyo hivyo, tangu alfajiri.

Nimekaa msibani nawaza viazi. Aibu, lakini ndivyo ilivyo. Kiwanja kimekwenda.

Jumamosi, 16 Oktoba

Lazima niandike kwa utaratibu, la sivyo nitavunja kitu.

Nimefika saa nane mchana. Kulwa kaniletea sinia chumbani, akasema, "Mama kakupikia." Viazi mviringo vya kuchemsha na mchuzi wa dagaa. Nilikuwa na njaa ya safari. Nimekula. Nikaona vina uchungu kidogo, nikadhani ni kinywa cha msiba. Nikamtuma Kulwa apeleke shukrani. Mimi mwenyewe nimemshukuru.

Halafu nikaingia stoo. Trei mbili tupu, zimepangwa moja juu ya nyingine, zimefutwa vumbi.

Nimekwenda nyuma. Matuta manne yameinuliwa, marefu, ya Kisukuma. Juu yake, kila shubiri, kijichipukizi kimechomekwa udongoni kama rando la kiazi kitamu. Ameyanyofoa yote. Kila kiazi, kila jicho. Ameyapanda machipukizi na kupika mbegu.

Nimekula mbegu zangu. Mwezi mzima na nusu nimezigeuza asubuhi na jioni, halafu nimezila na dagaa.

Kulwa alikuwa Mwaloni siku nzima hiyo ya Alhamisi, mvua ilikuta dagaa wake wameanikwa chini. Alitaka kunieleza jambo. Nimemwambia sitaki kusikia lolote linalomhusu mama yake.

Tumbo linauma.

Jumapili, 17 Oktoba

Sikumsalimia.

Nimepita mbele ya dirisha lake, hatua tano kamili, nikaenda misani. Nilimsikia anakohoa kidogo, akisubiri. Sikugeuka. Miaka ishirini na sita nimemwoa binti yake, sijawahi kufanya hivi. Nilisikia raha mpaka kwenye mlango wa kanisa. Pale ikaisha.

Jumatano, 20 Oktoba

Siku ya nne. Yeye haongei na kuku tena. Nyumba iko kimya, sufuria tu ndiyo inasikika.

Nimekwenda kuangalia matuta, sijui kwa nini. Machipukizi yamenyauka. Mengine hayaonekani, yamelala udongoni. Bila shaka yameoza. Kiazi si rando. Chipukizi linakula kiazi chake mpaka litoe mizizi, mtu yeyote aliyesoma anajua. Yeye amepanda marando maisha yake yote, akadhani kila kitu duniani hupandwa kama marando.

Au hakudhani. Alifanya makusudi. Jioni naamini hivyo.

Jumamosi, 23 Oktoba

Kulwa hajaniletea chakula. Nimekwenda kujipakulia jikoni kama mgeni asiyependwa. Ananiita Baba Anna kwa sauti ile ya kumwita mteja aliyekopa.

Majirani wa kulia wameuliza kama bibi anaumwa, maana hawamsikii. Nimewajibu vibaya. Nimegombana na mke, na mama mkwe, na sasa na majirani. Mji mzima ungekuja ningegombana nao.

Jumanne, 26 Oktoba

Ameondoka. Nilimsikia akifunga kapu lake asubuhi. Alimwambia Kulwa, si kuku, "Sikai nyumba nisiyosalimiwa." Kamfunga kuku miguu, kambeba. Nilikuwa nyuma ya mlango wangu. Nilikuwa na neno la shikamoo mdomoni, natamani ijulikane hivyo, hata kama ni kwenye daftari hili tu. Halikutoka.

Kulwa alimsindikiza mpaka kituoni. Aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni kwangu na kanga ya kutokea, akasema alichotaka kusema tangu ile Jumamosi. Safari hii sikumzuia.

"Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Wewe uko Nansio, mimi niko Mwaloni. Mama angekaa tu kitandani mwake, kiwanja kilikuwa chake. Mashina yake yamefika Jumanne hiyo, yameoza kwenye gunia. Alitoka kwenye mvua, na macho yale, akapanda ya kwako."

Kisha akaenda kupika.

Nimekwenda stoo. Gunia lipo, nyuma ya mlango. Linanuka. Ndani ni marando, meusi, yamekuwa uji.

Jembe kaliacha. Liko uani, limeoshwa.

Alhamisi, 28 Oktoba

Najisikia vibaya. Bado nina hasira naye, na sasa sina pa kuiweka.

Jumapili, 31 Oktoba

Tuta la kwanza, upande wa jabali. Majani. Nilidhani magugu, nikapiga magoti. Si magugu. Ni jani la kiazi mviringo, lenye vinyweleo, kijani kizito, na jingine pembeni, na jingine.

Nimefukua shina moja kwa kidole, polepole. Chini ya chipukizi kuna mizizi myeupe, mingi, kama nyuzi za kushonea. Bila kiazi. Limeshika lenyewe.

Mapadri hawakunifundisha hili. Nimekasirika nao pia, kidogo.

Jumatano, 3 Novemba

Nimehesabu, nikarudia. Alichomeka machipukizi tisini na sita. Yamesimama sitini na moja. Mimi ningepanda viazi arobaini, nikapata mashina arobaini, kama yote yangeota. Na viazi vyenyewe tukavila.

Nilimwambia Kulwa idadi hiyo. Alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua kichwa. Akasema nimwambie aliyepanda.

Jumamosi, 6 Novemba

Nimekwenda Usagara kurudisha jembe. Nilimwambia Kulwa hivyo, jembe ni la watu lazima lirudi. Alinitazama tu, akanifungia dagaa kwenye gazeti nimpelekee.

Nilisimama nje ya ua wao, nje ya minyaa, hatua kumi badala ya tano. Yeye alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi, amenipa mgongo. Kuku alikuwepo.

Nikasema, "Shikamoo mama."

Aliendelea kupukuchua. Gunzi moja likaisha, akachukua jingine. Nilibaki pale na jembe begani, watu wanapita njiani wananitazama. Nilistahili.

Mwisho akasema, "Wewe kuku, zimeshika ngapi?"

Nilimtazama kuku. Nikamjibu yeye. "Sitini na moja."

Mikono ya mama mkwe ikasimama kidogo. Halafu ikaendelea.

"Marahaba," akasema.

Nikaweka jembe na dagaa chini penye mlango wa ua, nikageuka. Sikuwa nimefika mbali nikasikia anamwambia kuku kwamba jembe lirudi lilikotoka, mbegu zikifika shubiri moja zinataka kupandishiwa udongo, na mwenye nazo ana mikono laini, aanze mapema asubuhi.

Nimerudi nalo. Dagaa niliwaacha. Jioni nimepandishia matuta mawili, la tatu mvua ikanikatisha.