Baba, Mgono Wako Umetolewa Majini

Baba,

Sijui namna ya kumsalimu mtu asiyeweza kuitikia, kwa hiyo naanza tu. Tangu tukuzike na Mama ahamie kwangu hapa Kindu, nilikuwa sijafika kwetu. Ofisi ilininyima ruhusa, nami niliogopa kuomba tena. Unanijua.

Juma lililopita nilifika, lakini si kama ulivyotaka. Wazungu waliokuwa wakitembea mtoni kwa meli walitaka kutazama kijiji cha zamani cha wavuvi, kwenda na kurudi siku ileile. Bwana wangu wa ofisini akanichukua niwe mkalimani. Sikujua ni kijiji gani mpaka nilipoona vichanja vyetu vya samaki.

Baba mdogo alitazama viatu vyangu. "Eh, karani! Samaki watakupigia saluti?" Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikalia. Ndipo akanipa mgono wako wa kutegea samaki. Alikuwa ameusuka upya, fito mpya, kamba mpya. "Maji ya baba yako yanakungojea," akasema. "Hakuna muntu aliyevua pale. Tega leo. Usiguswe mpaka jua la kesho, njo matanga yaishe. Ukitolewa mbele ya jua hilo, umekataa urithi."

Nikavua viatu, nikaingia hadi kifuani. Miguu ikayatafuta mawe uliyonionyesha utotoni, ikayapata. Mgono ukakaa, mdomo wake ukapokea mkondo. Nikataja jina lako. Baba, kwa kitambo kidogo sikuogopa kitu chochote.

Kisha nikasikia makofi. Wageni walidhani tunawafanyia mchezo. Bibi mmoja alichelewa kupiga picha, na Bwana akaniita: "Karani, utoe, uanze tena!" Nikamweleza kwa Kifaransa kwamba ni mgono wa marehemu baba yangu, na ukitoka leo nimepoteza maji yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakisifu Kifaransa changu. Halafu akamwamuru askari aliyekuwa kwenye mtumbwi autoe.

Uliinuka mtupu, ukichuruzika. Wanawake wakageuza nyuso. Baba mdogo hakunigombeza. Heri angenigombeza, Baba! Alisema tu, "Basi, mutoto. Imeisha."

Nikaambiwa niutege tena. Nikautega. Bibi yule akapiga picha yake, akafurahi.

Sasa mahali petu mtoni wazee watampa mtu wa ukoo mwingine. Mimi naenda kazini, naandika, naitika "ndiyo Bwana." Mama ananiuliza maji yamenipokeaje. Nimemwambia tu kwamba nilitega, naye akashukuru Mungu, akaenda kupika.

Lala, Baba. Sina tena mahali pa kukutafuta mtoni. Siwezi kukuahidi kwamba nitayarudisha maji. Sina nguvu hiyo, na wewe hupendi maneno matupu. Nakuahidi hili tu: nikimaliza kuandika nitakwenda uani aliko Mama, nikae chini, nimwambie mwenyewe, kabla wauza samaki hawajamfikishia habari.

Naogopa. Nakwenda.

Mwanao